Kangomba ya Viza: Mzee Anauza Korosho, Ajenti Anauza Fomu ya Bure

Wadau wa kusini, kuna biashara imeingia Masasi na Newala ambayo haihitaji mzani wala ghala. Inahitaji laptopu moja, kibendera cha Marekani mezani na mdomo mtamu. Mwenye laptopu anajiita ajenti wa vyuo. Mteja wake ni mkulima wa korosho ambaye mwanaye kamaliza kidato cha sita na anaota kusoma Marekani.

Ndoto haina ubaya wowote, hilo liwekwe sawa mapema. Wapo wanaosema mtoto wa Umakondeni akiota Columbia au Harvard basi kalewa simu. Wasahau. Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alipita Ndanda, akaenda Pugu, akamaliza Makerere 1962, kisha akasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mtoto wa Lupaso huyohuyo akaja kuwa Rais. Kwa hiyo njia ya kutoka kule kwenye mawe ya Masasi hadi Marekani si hadithi ya kwenye filamu, ilishapitwa zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Tatizo ni huyu anayekaa njiani anakusanya ushuru.

Chukua mfano wa dogo mmoja wa Newala, jina liwekwe pembeni. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka Julai 2025 alikuwa na daraja la kwanza, mtaa mzima ukajua. Wiki mbili baadaye mshua wake akapigiwa simu na ajenti wa Masasi. Ofa ilikuwa hivi: shilingi milioni moja na laki nane, kila kitu ndani, chuo, insha, mpaka viza. Ila nafasi ni chache, lazima alipe fasta.

Sasa fikiria kalenda ya mkulima. Hela ya korosho inakuja baada ya minada kuanza Oktoba, mzigo ukishapita AMCOS na kuingia ghalani. Ajenti anataka hela Septemba. Mzee afanye nini? Akafanya wanachofanya wengi wakibanwa, akauza kangomba. Kwa wasomaji wa mbali, kangomba ni ule ununuzi wa magendo ambapo mtu anakuja nyumbani kwako kabla ya mnada, anakupimia kwa bakuli na kukulipa bei ya kukuonea kwa sababu anajua una shida leo. Serikali inaupiga vita kila mwaka na bado upo. Oktoba 2024 minada ya mwanzo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ukiikumbuka bei hiyo halafu ukaona bakuli la kangomba linavyojazwa, unaweza kulia. Na hela haikutosha, ikabidi mjomba wa dogo naye auze mbuzi. Kule mjomba si mtu wa kualikwa harusini tu, mtoto wa dada yake ni mzigo wake.

Familia ilipata nini? Ajenti alimfungulia dogo barua pepe mpya na paswedi akabaki nayo mwenyewe. Akamwandikia insha bila kumuuliza swali hata moja. Dogo alikuja kuiona baadaye sana. Insha inasema alikulia jirani na reli, akisoma kwa mwanga wa treni zinazopita. Newala hakuna reli, wadau! Ilinakiliwa kutoka kwa mtu mwingine wa nchi nyingine kabisa.

Januari 2026 ikaja barua ya "hongera umechaguliwa". Pilau likapikwa. Hakuna aliyesoma ukurasa wa pili, ambao ulisema gharama za mwaka mmoja ni dola 38,000 na chuo kitasaidia dola 6,000. Zilizobaki, dola 32,000, ni za mzazi. Kila mwaka, kwa miaka minne. Hiyo barua ni sawa na kuambiwa umekubaliwa kununua nyumba Masaki. Kukubaliwa umekubaliwa, haya lipa.

Ajenti na mnunuzi wa kangomba ni mtu yuleyule aliyebadilisha shati. Wote wawili wanaishi kwa vitu viwili: haraka ya mkulima na mkulima kutojua bei halisi. Anayejua bei ya mnada na akawa na uwezo wa kusubiri hauzi kwa bakuli. Vivyo hivyo anayejua kuomba chuo Marekani kunagharimu nini hawezi kutoa milioni na laki nane.

Basi bei halisi hii hapa. Kufungua akaunti ya Common App, ule mfumo ambao mtu anaomba vyuo vingi kwa pamoja, ni bure. Vyuo vingi vinatoza ada ya maombi, ila vingi pia vinasamehe ukieleza kwamba familia haina uwezo, na vipo visivyotoza kabisa. Ushauri wa EducationUSA, ulio chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ni bure. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000 na hela hiyo inakwenda serikalini. Ada ya SEVIS, dola 350, na ada ya viza, dola 185, hazilipwi mpaka chuo kimekukubali na kukutumia fomu ya I-20. Na I-20 haitoki mpaka uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza itatoka wapi, iwe mfukoni kwako au kwenye ufadhili wa chuo.

Hapo kwenye ufadhili ndipo penye mchezo wote, na ndipo ajenti anaponyamaza. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii hela ya mwombaji wa nje wanapoamua kumchukua, na wakimchukua wanalipia pengo ambalo familia haiwezi. Berea, chuo cha Kentucky, hakitozi ada ya masomo mwanafunzi yeyote. Kuingia huko ni kugumu kweli, wanaokataliwa ni wengi kuliko wanaochukuliwa, na dogo wa kusini anatakiwa aambiwe hivyo bila kupambwa. Lakini mtoto wa mkulima akikubaliwa huko anaweza kusoma kweli. Ajenti anampeleka chuo kinachopokea karibu kila mtu na kumwachia bili. Inasemekana vyuo vingine humlipa ajenti kwa kila kichwa anachopeleka, kwa hiyo anakula huku na huku.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kupoteza hela. Wapo maajenti wanaotengeneza karatasi za benki za uongo ili I-20 itoke. Ubalozi wa Marekani ukikukamata na nyaraka ya kughushi, unaweza kufungiwa viza maisha yako yote. Jina linaloandikwa kwenye faili ni la dogo. Ajenti hayumo.

Halafu lipo hili ambalo maajenti hawaligusi kabisa. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi, na viza za wanafunzi zikiwemo. Lilianza kutumika 1 Januari 2026. Tangazo lenyewe linasema vizuizi vitapitiwa kila baada ya siku 180, maana yake vinaweza kulegezwa au kubaki. Ajenti wa dogo alikuwa anajua? Kama alijua, ni mwizi. Kama hakujua, milioni na laki nane ilikuwa ya kazi gani? Na Januari hiyohiyo aliendelea kupokea hela za wazazi wengine.

Wapo watakaomtetea. Watasema kijana wa Newala hana kompyuta, intaneti inasuasua, Dar ni zaidi ya kilomita 500, sasa asipopata ajenti atasaidiwa na nani? Hoja ina ukweli. Umbali upo na haukuanza leo. Lakini jibu la umbali haliwezi kuwa mtu anayekufungulia barua pepe akakunyima paswedi. Tofauti ya msaidizi na tapeli iko hapo tu. Msaidizi anakukabidhi funguo zako, anakuonyesha kila alichokiandika, na kama anataka malipo anataja anacholipwa na kwa kazi ipi. Wa stationari anayekuchaji elfu mbili kuskani vyeti ni mfanyabiashara halali, apewe hela yake.

Na lawama zisiishie kwa ajenti. Shule zetu zina wakuu wa shule na walimu wa taaluma, lakini mwanafunzi bora akiomba barua ya mapendekezo anaambiwa aandike mwenyewe aje kugongewa muhuri. Vyuo vya Marekani vinataka mwalimu aeleze huyu mtoto ni nani darasani, anauliza maswali gani, akifeli anafanyaje. Hilo haligharimu shule hata senti. Wapo pia watu wa Masasi na Newala waliosoma nje, wengine wako hukohuko, Desemba wanakuja kula Krismasi na kupiga picha Shimo la Mungu. Saa mbili kwenye bwalo la shule yao ya zamani zingeua soko la maajenti watatu.

Kwa dogo ambaye bado ana moto, ushauri ni huu. Kwanza uangalie tangazo la viza limefikia wapi, kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, siyo kwenye status ya mtu. Vyeti viwe na jina moja: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na pasipoti. Hamisi na Hamis ni watu wawili mbele ya ofisa. Vyuo vingi hufunga maombi kati ya 1 Novemba na mwanzoni mwa Januari kwa masomo ya Agosti inayofuata, kwa hiyo aliyepata matokeo Julai ana miezi ya kujipanga, haraka ya Septemba ni ya ajenti peke yake. Insha uandike wewe. Umeamka usiku kutafuta maji juu ya uwanda wa Makonde, umeokota korosho kabla ya kwenda shule, unajua hesabu ya AMCOS kuliko karani. Hakuna wa New York mwenye hadithi hiyo, na haina reli.

Kazi hiyohiyo ya vyeti na insha unaweza kuipeleka kwingine huku Marekani ikisubiriwa. Türkiye Bursları ya Uturuki haitozi ada ya maombi. Ashesi ya Ghana ina ufadhili wa Mastercard Foundation. UDSM na SUA zipo, na daraja la kwanza la Newala linaheshimika huko. Kukosa Marekani si msiba. Msiba ni mzee kukosa korosho na Marekani kwa mkupuo mmoja.

Dogo wa Newala kwa sasa anafundisha tuisheni hesabu na kemia, na ana barua pepe mpya ambayo paswedi anaijua yeye. Mzee wake hajarudishiwa hata mia. Ofisi ya ajenti bado iko wazi, na msimu wa korosho ukikaribia atapiga simu tena. Kama namba itakayoita ni ya mshua wako, mdau, mwambie aulize kitu kimoja tu: paswedi atakaa nayo nani?

Wenye ushahidi wa kupigwa, na wale waliofanikiwa bila ajenti, uwanja wa maoni ni wenu. Majina ya watu msiweke.