Usingizi wa Mtoto si Anasa

Wapo watu, tena baadhi yao ni wasomi, wanaodai kwamba kufunza wataalamu wa kuzisaidia familia zenye watoto wasiolala ni anasa ya Ulaya. Madai hayo ni ya kupotosha. Mkulima wa kahawa wa Nyakakika, wilayani Karagwe, aliyekesha na mtoto wa miaka miwili, hushika jembe alfajiri akiwa hoi. Mtoto asiyezoezwa kulala hufika darasa la awali akisinzia, naye mwalimu humwita mzembe!

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtoto wa umri huo ahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku. Nani amemweleza mama huyo? Huambiwa mtoto karogwa, au humnywesha dawa ya kikohozi ili imlaze, jambo ambalo ni la hatari.

Katika zahanati ya kijiji mwanasaikolojia hatarajiwi kesho. Lakini Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Hao ndio wanaoingia majumbani. Hapana budi wafundishwe kuuliza kwanza habari za homa na mkoromo, kisha kumwonyesha mzazi jinsi ya kushika saa ya kulala isiyobadilika, kuzima redio na simu, na kumlaza mtoto angali macho ili azoee kusinzia mwenyewe. Mafunzo hayo hayahitaji mashine wala jengo. Wanaoyaita anasa waitaje gharama yake.