WATOTO NA SIMU, SEHEMU YA 6: Gemu niliyoipenda ilikuwa na mwisho

Leo sitaongelea homa wala kunyonyesha. Naongelea gemu. Ndiyo, nesi wenu alikuwa mcheza gemu, msicheke.

Gemu yenyewe ni Age of Empires II. Ilitoka mwaka 1999, ikatengenezwa na Ensemble Studios ya Texas, Marekani, na kutolewa na Microsoft. Nyumbani kwetu ilitufikia miaka kadhaa baadaye, kwenye kompyuta moja nzito iliyokaa sebuleni, nikiigombania na kaka zangu.

Kwa asiyeijua: unaanza na wanakijiji watatu, askari mmoja wa farasi wa kupeleleza, na jengo moja la katikati ya mji. Basi. Mali ziko za aina nne: chakula, mbao, dhahabu na mawe. Mwanakijiji mpya anagharimu chakula 50. Nyumba moja inabeba watu 5, na usipojenga nyingine watu hawaongezeki hata chakula kijae. Shamba nalo linachoka, inabidi utoe mbao ulipande upya. Kutoka zama za kwanza kwenda za pili unatoa chakula 500, kwa hiyo ukimaliza akiba mapema, wenzako wanakuacha. Yaani ni bajeti ya nyumbani kabisa: leo tule nini, tuweke nini, na shida ikibisha hodi tutajikinga na nini.

Sasa, sisemi gemu inampa mtoto akili. Sitawadanganya. Tena hii ni gemu ya vita, watu wanauana mle ndani, na kule Marekani imewekewa alama ya kuanzia miaka 13. Si ya mtoto wa chekechea.

Ila nikikaa nikaikumbuka, naona vitu vitatu ambavyo gemu nyingi za kwenye simu leo hazina.

Kwanza, ilikuwa na mwisho. Unashinda au unashindwa, unaambiwa imeisha, unanyanyuka. Ukitaka kuendelea kesho unahifadhi ulipofika, unazima. Na ukichelewa kuhifadhi, umeme ukikatika unaanza upya, hakuna wa kumlilia.

Pili, ililipiwa mara moja. Ukishaweka ile CD, hakuna mtu anakuibukia katikati ya mchezo akwambie lipia upate dhahabu. Dhahabu unaichimba mwenyewe.

Tatu, ilikuwa sebuleni. Mama akipita na beseni la nguo anaona kila kitu. Anauliza, "Hao mnaowapiga wamewakosea nini?" Tunamweleza. Alijua tunacheza nini, na alijua lini aseme zima.

Tuje leo. Kuna mama alikuja kwetu usiku na mtoto mdogo anaharisha. Ameniruhusu niwasimulie bila jina. Alipofungua simu alipie vipimo, salio halipo. Mtoto wake mkubwa, wa miaka tisa, alikuwa anaijua namba ya siri, na alikuwa ananunua sarafu za kwenye gemu kidogo kidogo wiki nzima. Mtoto mdogo alihudumiwa, ndugu walichanga, sasa yuko salama. Lakini yule mama alilia, akaniuliza, "Nesi, mwanangu ni mwizi?"

Nilimjibu hapana, na nawajibu na ninyi: hapana. Mtoto wa miaka tisa amewekewa mbele yake kitu kilichotengenezwa na watu wazima, kisichoisha, kinachomkumbusha kila saa arudi, na kila akikwama kinamwonyesha kitufe cha kununua. Hata mtu mzima hapo anateleza. Kumkemea mtoto peke yake na kuiacha simu vilevile ni kumpa dawa asiyeumwa.

Najua wapo mama watasema, "Basi gemu zote marufuku." Sikubaliani. Ukifunga kila kitu, ataenda kucheza kwa jirani, na huko hujui anacheza nini. Bora uchague wewe.

Kwa upande wa afya, haya shikeni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Shirika hilohilo limeweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Dalili zake: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata inapomletea madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo mwanao kununa ukimwambia azime si ugonjwa. Ni mtoto.

Kabla hujaruhusu gemu yoyote, jiulize:
1. Ina mwisho, au haiishi?
2. Inaomba hela ndani?
3. Naweza kuiona akiwa anacheza?
4. Imewekewa alama ya umri gani?

Na leo hiihii badilisha namba ya siri ya pesa kwenye simu. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, watoto wanaujua.

Age of Empires II bado ipo, toleo jipya la kompyuta lilitoka 2019. Lina Waethiopia na Wamali pia, sisi hatukuwa nao. Nalo lina nyongeza za kununua, kwa hiyo maswali yaleyale manne yanalihusu. Wa kwangu akifika umri, tutacheza wote, sebuleni.

Haya, niambieni kwenye maoni: mwanao anacheza gemu gani, na umewahi kukaa naye akakufundisha? Sehemu ya 7 tutaongelea usingizi na simu chini ya mto. Usiku mwema.