Aliyefunga Mirija Si Maksai

Taja vasektomi kwa kinyozi hapa Kakamega uone. Lazima mmoja aulize, "Yaani unataka kuhasiwa?" Sisi tunaoenda Khayega kutazama mafahali wakipigana ndio wa kuchanganya mambo hivi? Maksai ameharibiwa korodani. Vasektomi haigusi korodani: unatiwa ganzi, ngozi inatobolewa kidogo, mirija miwili ya mbegu inakatwa na kufungwa. Nusu saa hivi, unaenda nyumbani. Hamu inabaki, kusimama kunabaki, shahawa zinatoka, ila hazina mbegu.

Tusidanganyane lakini. Utavimba kidogo na kuumwa siku chache. Mbegu zilizobaki huchukua kama miezi 3 kuisha, so kondomu iendelee hadi upimwe. Ukimwi haizuii. Na kurudisha ni kubahatisha. Kama bado unawaza mtoto, usifanye.

Kinachoniudhi ni hiki: mwanaume anayejisifu kwamba hakupepesa jicho mbele ya kisu cha tohara ndiye anayekimbia sindano ya ganzi, huku mkewe akidungwa kila miezi 3 na kuvumilia damu isiyo na ratiba. Mmekubaliana watoto wametosha? Basi ni zamu yako, bro.