TUPIME MASHINE KWA KOROSHO NZIMA



Natoa maoni yangu juu ya viwanda vya kubangua korosho, jambo linalotuhusu sana sisi wananchi wa mikoa ya kusini.

Hivi karibuni katika mkutano wa kijiji chetu, vijana walipendekeza kwamba chama chetu cha msingi kitafute mkopo kinunue mtambo mkubwa wa kubangua, unaojiendesha wenyewe. Walishangiliwa sana. Ndipo mzee mmoja aliyepata kufanya kazi kiwandani akasimama na kuuliza: huo mtambo utatoa korosho nzima ngapi katika kila mia? Hakuna aliyejibu. Naona swali hilo latufaa sote.

Wengi wetu tunadhani viwanda vyetu vya zamani vilikufa kwa sababu mashine zake zilikuwa duni. Sivyo. Katika miaka ya 1970, kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Tunduru na kwingineko, vikiwa na mitambo kutoka Italia na Japani. Wakati huo wenzetu wa India walikuwa wakibangua kwa mikono, tena nyingine zikiwa korosho zetu wenyewe. Hata hivyo wao waliendelea, na viwanda vyetu vingi vikafungwa. Kwa nini?

Kwanza ni ukubwa. Viwanda hivyo kwa pamoja vilikusudiwa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani 145,000 hivi, kwa hiyo hesabu ilionekana sawa. Lakini mavuno yakaanguka kwa sababu ya bei ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga, na wakulima kuhamishwa mbali na mikorosho yao wakati wa operesheni ya vijiji. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Mtambo mkubwa ukikosa mali ghafi haupunguzi gharama zake. Deni lipo pale pale, na vipuri vinataka fedha za kigeni.

Pili ni ubora, na hapa ndipo penye swali la mzee. Korosho iliyobanguliwa haiuzwi kama mahindi. Ile inayoitwa W320 ni korosho nyeupe, nzima, zisizozidi 320 katika ratili moja. W240 ni kubwa zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Ikivunjika, uzito ni ule ule lakini bei inashuka. Mashine za zamani zilivunja nyingi kuliko mkono wa mbanguaji mzoefu, maana korosho hazilingani kwa umbo wala kwa unene wa ganda, na chuma hakina macho. Tuliokoa muda tukapoteza bei.

Je, turudi kwenye mikono mitupu? La hasha! Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na kina mama wanaobangua wanayajua vizuri. Tuwatazame Vietnam. Nao walibangua kwa mikono. Baadaye mafundi wao wakatengeneza mashine humo humo nchini, na zilipovunja sana wakazirekebisha. Tangu mwaka 2006 wameipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, ingawa sehemu kubwa ya korosho ghafi wanainunua Afrika, zikiwemo za kwetu. Siku hizi kuna hata mashine zenye kamera zinazochagua korosho kwa rangi. Wao mashine ilikua pamoja na fundi wake. Sisi tuliletewa mtambo, fundi akabaki ng'ambo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, ukubwa wa kiwanda ufuate uwezo wa kununua mzigo wa mwaka mzima. Mnada ni wa miezi michache tu. Tukikadiria shilingi 3,000 kwa kilo, kiwanda cha tani 10,000 kinahitaji shilingi bilioni 30 kabla ya kubangua punje moja. Cha tani 500 kinahitaji bilioni moja na nusu. Kisichoweza kununua hufanya kazi msimu, kisha wafanyakazi wanarudishwa nyumbani.

La pili, mashine zianzie mahali zisipoharibu: kupanga korosho kwa ukubwa, kuzipika kwa mvuke na kuzikausha. Mashine ya kubangua ifuate, nayo ijaribiwe kwa korosho zetu mbele ya mnunuzi kabla hajalipa. Kumenya ganda laini na kuchagua madaraja kubaki kwa watu mpaka mashine ithibitishe kwamba inawashinda.

La tatu, vijana wetu wa vyuo vya ufundi wafundishwe kuzitengeneza, na msimamizi wa ubora apewe mamlaka ya kusimamisha kazi vipande vinapozidi.

Nimefundisha watoto ambao leo wanauza maji barabarani Dar es Salaam, huku korosho za baba zao zikipita bandarini na maganda yake, kwenda kuwapa kazi vijana wa watu wengine. Hao wanahitaji viwanda, lakini vitakavyokuwa hai miaka ishirini ijayo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila mhunzi aangalie kwanza ilivunjikia wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mtwara.