Pioni Akifika Mstari wa Mwisho



Mwezi huu tuzungumze juu ya mchezo ambao vijana wetu wanauita kwa Kifaransa échecs, na vitabu vya Kiswahili vinauita sataranji. Wengine watauliza: «Pasta, mchezo unaingia namna gani katika gazeti la kanisa?» Ngojeni kidogo. Hapa hakuna bahati sawa katika karata. Mtu anashinda kwa kufikiri. Tena ndani yake kuna kanuni moja inayotuhusu sisi wote tunaotafuta kupanda cheo.

Kila mchezaji ana vipande 16. Nane kati yao ni pioni, ndio askari wa miguu. Pioni ni mdogo kuliko wote: wachezaji wanamhesabu kwa 1, farasi kwa 3, mnara kwa 5, malkia kwa 9. Anakwenda mbele tu, nyumba moja moja. Mwanzoni tu ana ruhusa ya kuruka mbili. Kurudi nyuma, hapana. Lakini akifika mstari wa mwisho upande wa adui, papo hapo anageuka kuwa malkia, mnara, farasi au fou. (Fou kwa Kifaransa ni mwenye wazimu, na kipande hicho hicho Waingereza wanakiita askofu. Sisi wachungaji tucheke kidogo!) Kubaki pioni hawezi, na kuwa mfalme hawezi.

Faida yake ni kubwa. Aliyehesabiwa 1 sasa anahesabiwa 9. Hata mbele ya kufika, adui anaogopa, na mara nyingi anafunga mnara mzima kwa kumzuia pioni mmoja asipite. Basi mtoto wa nyumba ndogo ya kambi asidharauliwe. Yosefu alitoka gerezani akawa mkubwa katika Misri yote, na cheo chake kililisha watu wakati wa njaa.

Lakini kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni kukimbia peke yake. Pioni akisukumwa mbio bila mwenzake wa kumlinda, analiwa, na haraka ile haina dawa kwa sababu harudi nyuma. Kijana anaacha darasa katikati ya mwaka, anashuka katika shimo kutafuta franga za upesi. Kwa neema ya Mungu mtu anaweza kurudi, lakini miaka hairudi.

Wa pili ni kusahau mfalme. Mchezaji anaangalia pioni wake tu: «Bado hatua moja, bado hatua moja!» Kumbe mfalme wake amezungukwa, na mchezo umekwisha. Ni vile mtu anapata kiti kazini, na nyuma yake ndoa imekufa na watoto hawamjui.

Wa tatu umefichwa zaidi: kuchagua ukubwa bila kuangalia kazi. Mwaka 1895, katika mji wa Glasgow, Scotland, gazeti moja lilichapisha fumbo la sataranji. Nyeupe ana mfalme na pioni mmoja tu. Nyeusi ana mfalme na mnara. Pioni anakaribia mwisho, lakini jibu la gazeti lilisema hakuna atakayeshinda. Kwa nini? Pioni akigeuka malkia, Nyeusi anautoa mnara wake sadaka, na malkia analazimishwa kuula. Hapo mfalme mweusi yuko kwenye kona. Hakuna anayempiga, lakini hana hata nyumba moja ya kukanyaga. Hali hiyo inaitwa pat, na kwa sheria ya mchezo ni sare. Kazi yote bure!

Mtawa mmoja Mkatoliki kutoka Hispania aliyeishi pale Glasgow, Fernando Saavedra, alifikiri namna nyingine. Hakuwa bingwa. Alisema: pioni asiwe malkia, awe mnara. Mnara hauoni kwa mshazari sawa malkia, kwa hiyo unamwachia mfalme mweusi nyumba moja ya kupumua. Pat haipo tena, na Nyeupe anashinda. Hata leo wachezaji wa dunia nzima wanamkumbuka kwa hatua ile moja.

Angalieni vizuri: ile nguvu ya ziada ya malkia ndiyo iliyofunga mlango wa mwisho na kuharibu ushindi. Someni 1 Wafalme 12. Rehoboamu alipoketi mahali pa baba yake, watu waliomba awapunguzie mzigo. Wazee walimshauri awe mpole. Yeye alichagua ukali, na makabila kumi yakamwacha.

Na sisi je? Fundi hodari anapewa ukapita, mara moja hasalimii tena wenzake wa jana. Baba anashinda kila neno nyumbani mpaka mama na watoto wananyamaza. Anafikiri ameshinda, kumbe ni pat: hakuna anayeweza kusogea, naye hakupata kitu. Wazazi, tusiwasukume watoto wote wawe wakurugenzi, sawa yule mama wa wana wa Zebedayo aliyewaombea viti. Pengine jamaa inahitaji fundi wa umeme au mwuguzi.

Kijana, tamani kufika. Ukifika, uliza kwanza: «Mahali hapa panahitaji nini?» Kisha uchague.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Nani alikulinda njiani mpaka ukafika pale ulipo?
2. Katika nyumba yetu, nani amekosa nafasi ya kusogea?
3. Cheo gani kidogo kingetusaidia kuliko kikubwa?

Bwana awabariki.