Mshahara Huanza Kupungua Kituoni

Mfanyakazi akilipwa mwisho wa mwezi, hesabu ya mwajiri imekwisha. Yake ndiyo kwanza yaanza. Mshahara ulioandikwa daftarini si ule ufikao nyumbani, kwa maana sehemu yake hubaki kituoni mwa basi.

Tuutazame mji wa Dar es Salaam. Kazi nyingi ziko Kariakoo, Posta, bandarini na katika viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere. Lakini wengi wa wenye kazi hizo hukaa Chanika, Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju, ambako kodi ya chumba ni nafuu. Anachookoa kwa mwenye nyumba hukitoa kwa kondakta. Apandaye magari mawili kwenda na mawili kurudi, nauli ikiongezwa shilingi 100 tu kwa kila gari, hutoa shilingi 400 zaidi kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,400. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza.

Wala si fedha peke yake. Atumiaye saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku sita kwa juma, amepoteza saa 24. Hizo ni siku tatu za kazi ya saa nane, asizolipwa na mtu.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Shirika la UDA lilianzishwa mwaka 1974. Mabasi yake yaliposhindwa kuwatosha watu, mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa, ndiyo daladala. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yakaanza kupita katika njia yao wenyewe, Kimara hadi Kivukoni. Ni jambo jema. Lakini akaaye ndani ya mitaa hana budi kulipia pikipiki au daladala kwanza, ndipo alifikie basi hilo.

Twaona mambo matatu yapasa kufanywa. Nauli iwe ya safari nzima, si ya kila gari. Mabasi yawepo alfajiri na usiku, kwa ajili ya wauguzi, walinzi na watu wa zamu. Na vyama vya wafanyakazi, vikijadiliana na waajiri juu ya mishahara, viidai nauli pia.

Nasi wanachama tusingoje kuambiwa. Twende vituoni saa kumi na moja alfajiri, tusimame na wenzetu, tupande wapandavyo. Atakayefanya hivyo juma moja hatauliza tena kwa nini mfanyakazi hufika kazini amechoka.