Reli Ikionekana Kupinda

Ndugu wafanyakazi, sisi wa Kisii na Nyamira twaifuata reli Kisumu, maana kwetu haikufika. Basi mfano wangu ni wa reli. Ukifumba jicho moja ukaona reli iliyonyooka imepinda, au usoni mwa mtu katikati pana doa jeusi, usikimbilie kununua miwani sokoni. Huenda mishipa mibovu ya damu imeota chini ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho ipokeayo nuru. Mishipa hiyo huvuja maji na damu, na penye kovu macho hayarudi tena. Huwapata hasa waliopita miaka 50, na wavuta sigara zaidi.

Daktari hutia matone ya kupanua mboni, kisha hupiga picha. Tiba ni sindano ndani ya jicho (hutiwa ganzi kwanza, msiogope), nayo hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni.

Hapo ndipo penye neno langu. Bevasizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa saratani ya utumbo, ni rahisi kuliko ranibizumabu, na uchunguzi wa Marekani wa 2011 ulionyesha zatibu karibu sawa. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika dawa za lazima mwaka 2013. Basi chama kikikaa mezani na waajiri kidai mawili: bima ilipe sindano zote, si ya kwanza tu, na siku ya sindano isikatwe mshahara. Mtu wa njia asiyeiona reli ataachishwa kazi, na bima yake itakoma siku hiyo hiyo.